Muulize Mjomba: Shemeji anasema gari la mnadani ni bahati yangu, mume wangu anasema ni kamari

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule na mapazia. Miaka yote mizigo yangu imesafiri kwa pikipiki na kwa magari ya watu, lakini sasa oda zimekuwa kubwa, marobota hayabebeki tena, na mvua ikinyesha najikuta narudia kupiga pasi nguo zilizokuwa tayari kukabidhiwa. Nimejinyima, nimeweka akiba ya gari. Kiasi chenyewe sikitaji kwa sababu mama mkwe naye anasoma safu hii. Nitakiita mia, na wewe unipigie hesabu kwa hiyo mia.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mtu wa minada. Anasema kwa mia yangu, kwa wauzaji wa kawaida nitaambulia gari la hivi hivi tu, lakini mnadani nitaondoka na gari la mia na hamsini. Basi akanichukua siku ya kwanza ya kukagua. Magari yamepangwa ndani ya banda kubwa, kila moja limebandikwa namba kwenye kioo. Unaruhusiwa kufungua milango na boneti, na ukimwomba mlinzi anakuwashia injini, ila kuliendesha hata hatua moja hairuhusiwi. Kwenye karatasi ya masharti wameandika kwa herufi nene kwamba kila gari linauzwa kama lilivyo na hapo lilipo.

Nililolipenda ni la rangi ya fedha. Mjomba, lile gari ni safi! Mkwaruzo hauoni. Ndani wametandika zulia jipya, mbele mpaka nyuma, na kuna manukato makali kiasi kwamba shemeji alipiga chafya. Lina miaka 12 lakini mita inasoma kilomita 68,000 tu. Shemeji anasema lazima lilikuwa la mzee mstaafu, la kwendea ibadani na kurudi. Injini iliwaka papo hapo, ikanguruma vizuri. Hata nilipoegemea boneti kabla halijawashwa niliikuta na uvuguvugu, nadhani ni jua. Kasoro nilizoziona ni ndogo: taa moja ya mbele ina ukungu kwa ndani, na raba ya pedali ya breki imelika mpaka imekuwa laini. Hivyo ni vitu vya kubadilisha.

Pembeni yake kulikuwa na jeupe, aina hiyohiyo na umri uleule, lilikuwa la ofisi moja inayobadilisha magari yake. Vumbi tupu, mlango wa nyuma umebonyea, viti vina madoa, kilomita 190,000. Kwenye kisanduku cha mbele wameliachia daftari la sevisi lenye mihuri mingi. Nilicheka nikapita.

Mnada ni Jumamosi ijayo, na Alhamisi wanafungua tena kwa ukaguzi. Shemeji anataka nimkabidhi mia yote taslimu Ijumaa jioni. Anasema atanadi kwa jina lake kwa sababu amekwisha kujiandikisha na madalali wanamjua, kadi ya gari tutahamisha baadaye. Mimi nikionekana pale, mwanamke na mgeni, watanipandishia bei. Mume wangu amekataa katakata. Anasema mnada ni kamari, na gari lingekuwa zima mwenyewe asingeliachia. Siku hizi ndugu hawa wakikaa sebuleni wananitumia mimi kuzungumza. Fundi ninayemwamini yuko tayari kuja Alhamisi, lakini anataka alipwe nusu siku, na shemeji anasema ni upuuzi kumlipa mtu akague gari ambalo bado si letu.

Mjomba, nimsikilize nani?

Wako,
Mshonaji wa Marobota

*

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako nimeitanguliza kwa sababu Jumamosi haisubiri mtu.

Msikilize fundi. Nusu siku yake ndiyo pesa yenye akili kuliko zote utakazotoa wiki hii. Na lile gari la fedha usilinunue. Sijaliona, lakini umenieleza vizuri kuliko ulivyokusudia, kwa hiyo turudi pamoja kwenye maneno yako.

Gari la miaka 12 lenye zulia jipya sakafu nzima. Jiulize nani anatandika zulia jipya kwenye gari analolipeleka mnadani, ambako vumbi halijawahi kumzuia mtu kuuza. Zulia la gari halichakai lote kwa pamoja. Huanza kuisha chini ya miguu ya dereva, na huko kwingine linaweza kudumu umri wote wa gari. Likibadilishwa lote, mara nyingi ni kwa sababu lililowa lote. Weka juu yake manukato ya kumpigisha mtu chafya, kisha weka ukungu ndani ya taa. Kimoja kimoja havithibitishi kitu, maana taa huingiza unyevu hata kwa sababu ya mpira uliokauka tu. Lakini vitatu hivyo kwenye gari moja vinanifanya niamini kwamba lile gari liliwahi kuzama, ama kwenye mafuriko ama mahali pengine penye maji mengi.

Na gari lililozama halifi siku ile ile, ndiyo maana linauzika. Linakaushwa, linaoshwa, linawaka. Kinachofuata ni kutu ya taratibu ndani ya soketi za nyaya, kwenye kompyuta ya injini, kwenye vitambuzi vya mifuko ya hewa, na kama maji yalikuwa ya chumvi mambo huenda haraka zaidi. Miezi baadaye taa zinaanza kujiwashia, madirisha yanagoma, gari linazima barabarani bila sababu, na kila fundi anakwambia jambo lake. Baada ya kimbunga Katrina kupiga Marekani mwaka 2005, magari mengi mno yaliyokuwa yamefunikwa na maji yalisafishwa na kuuzwa mbali na yalikozama, kwa watu ambao hawakuwa na sababu ya kuuliza habari za mafuriko. Biashara hiyo haina nchi. Popote maji yanapozamisha magari, yupo mwenye kuyanunua kwa bei ya chuma chakavu, na yupo mwenye kuuza mazulia.

Kama hutaki kuniamini mimi, Alhamisi nenda kauvute mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho wake kabisa. Wasafishaji huosha sehemu inayoonekana. Ile inayobaki imejiviringisha ndani ya nguzo hawaifikii kirahisi. Ukiona mstari wa tope au ukanda wa rangi tofauti, hapo ndipo maji yalipoishia. Halafu mwambie fundi achungulie boliti zinazoshikilia viti chini, aingize vidole nyuma ya dashibodi, na ainue kile kitambaa cha buti kwenye kitako cha tairi la akiba. Mchanga laini haupandi huko wenyewe.

Sasa mzee wetu mstaafu. Kilomita 68,000 kwa miaka 12 si muujiza. Yapo magari ya namna hiyo. Ila raba ya pedali haijui kusema uongo. Mguu wa mzee wa kwendea ibadani hauli raba mpaka ikawa laini. Kulika namna hiyo ni kazi ya dereva aliyekaa kwenye foleni miaka na miaka, na kwa mwendo huo mita ingesoma mara mbili au tatu ya ilichoonyesha. Siku hizi mita ni za kidijitali, na watu wengi hudhani kwa hiyo haziguswi. Zinaguswa, tena bila bisibisi: mtu anachomeka kifaa chake, anaandika namba anayoitaka. Basi usisome mita peke yake. Soma mita pamoja na pedali, ngozi ya usukani, kichwa cha gia na ukingo wa kiti cha dereva upande anaoshukia. Vyote viwe na umri mmoja.

Na ile boneti ya uvuguvugu. Umesema magari yako ndani ya banda, sasa jua liliingilia wapi? Aliyeipasha moto injini kabla hamjafika alikuwa na sababu. Matatizo mengi ya injini hujitokeza inapowashwa ikiwa baridi: mlio wa cheni au wa vali, moshi wa bluu wa oili iliyojikusanya usiku, kusitasita kabla ya kutulia. Ikishapata joto inanyamaza. Kwa hiyo siku ya ukaguzi fika wakati geti linafunguliwa, weka kiganja juu ya boneti kabla hujamwita mlinzi, na ukiikuta na joto, nenda kwa mengine kisha urudi ikishapoa.

Umeona ninakotoka. Mnadani hununui gari, unanunua siku ya ukaguzi. Maneno yale ya herufi nene, kama lilivyo na hapo lilipo, maana yake ni kwamba ukishalilipia hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo maswali yote ambayo kwa muuzaji wa kawaida ungeweza kuyauliza wiki ijayo, hapa yanaulizwa Alhamisi. Shemeji anaposema kumlipa fundi kwa gari ambalo si lenu ni upuuzi, amegeuza jambo miguu juu. Likishakuwa lenu, fundi atakuwa wa kulitengeneza tu.

Mume wako naye ana hoja, ila ameivuta mno. Si kweli kwamba gari zima haliachiwi. Wenye kuachia wako wengi na kila mmoja ana sababu yake, na sababu hiyo ndiyo kitu cha kwanza cha kuulizia. Benki huuza la mdaiwa aliyeshindwa mkopo; gari lenyewe laweza kuwa zuri, lakini mtu aliyeacha kulipa benki mara nyingi alikuwa amekwisha kuacha kubadilisha oili pia. Kampuni ya bima huuza lile ambalo matengenezo yake yaligharimu kuliko thamani yake, na hayo mimi humwachia fundi wa bodi mwenye gereji yake. Mahakama huuza la kesi, ambalo huenda limesimama juani mpaka matairi yakapasuka. Na ofisi, kampuni na mashirika huuza kwa sababu kalenda imefika tu: sera yao inasema gari likifika umri au kilomita kadhaa linaondoka, liwe zima, liwe bovu.

Ndiyo, nazungumzia lile jeupe ulilolicheka.

Sikuahidi kitu. Gari la ofisi huendeshwa na watu wengi ambao hakuna aliyelinunua, na wanalipitisha kwenye mashimo kwa moyo mkunjufu. Shokapu na mabushi hesabu kwamba vimekwisha. Lakini kilomita zake 190,000 hazijifichi, vumbi lake ni dalili kwamba hakuna aliyejisumbua kukudanganya, na lile daftari lina thamani kuliko rangi inayong'aa. Lisome kwa utulivu. Tazama tarehe na kilomita zinapanda kwa mpangilio bila kurudi nyuma, mihuri ni ya gereji zilezile, na kama injini yake inatumia mkanda wa taimingi, umebadilishwa lini. Huo mkanda ukikatika, kwenye injini nyingi vali hugongana na pistoni, na hapo unanunua injini nyingine. Usipoona umeandikwa, jua haujabadilishwa na uuweke kwenye hesabu.

Mlango uliobonyea usikutishe, ila uuchunguze jirani zake. Vioo vya gari vyote huwa na alama ndogo ya mtengenezaji kwenye kona. Kimoja kikiwa cha kampuni tofauti kilibadilishwa, na fundi aulize kwa nini. Tazama boliti za boneti na za milango kama rangi yake imevunjwa na spana. Pima nafasi kati ya mlango na mlango kwa jicho, upande wa kulia na wa kushoto, ziwe sawa. Kwenye ubavu wa tairi kuna namba inayoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la zamani sana ni tairi la kununua upya.

Injini ya jeupe iwashwe ikiwa baridi. Kabla haijawaka, ufunguo ukizungushwa mpaka hatua ya mwisho kabla ya kuwasha, taa zote za onyo kwenye dashibodi lazima ziwake: ya injini, ya oili, ya mifuko ya hewa. Kisha injini ikiwaka zizime. Isiyowaka kabisa inaogopesha kuliko inayokataa kuzima, kwa sababu huenda mtu ameing'oa balbu ili isiseme. Moshi mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya radieta yanayoungua ndani, na hiyo mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Wa bluu ni oili. Mweusi ni mafuta kuzidi, na huo mara nyingi unatibika kwa bei nafuu. Mwambie fundi abebe kifaa chake cha kusomea kompyuta ya gari. Magari mengi ya petroli ya miaka ishirini iliyopita yana tundu lake chini ya usukani. Kifaa hakitaonyesha hitilafu pekee. Kitaonyesha pia kama kumbukumbu imefutwa karibuni na vipimo vya ndani havijakamilika, na mtu hafuti kumbukumbu ya gari zima siku mbili kabla ya ukaguzi kwa kupenda usafi.

Hujaruhusiwa kuliendesha, kwa hiyo giaboksi ndiyo siri kubwa itakayobaki. Kama ni ya otomatiki, mwombe mlinzi, akiwa amekanyaga breki, aingize gia ya kwenda mbele kisha ya kurudi nyuma. Gari lijibu haraka, bila kuchelewa na bila kishindo. Kama giaboksi ina kijiti cha kupimia mafuta yake, yanuswe: yakiwa meusi na yana harufu ya kuungua, rudini nyumbani mapema.

Karatasi. Namba ya chasisi iwe ileile kwenye kibao cha dashibodi au cha mlango, kwenye chuma palipogongwa, na kwenye kadi. Kwa magari mengi ni tarakimu na herufi 17, na hazina kamwe I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukikuta herufi hizo kwenye namba ya urefu huo, funga boneti uondoke. Uliza kwa maandishi kama gari lina deni, kodi au faini inayolifuata, nani anazilipa, na kadi hutolewa lini baada ya malipo.

Sasa shemeji. Sina ushahidi kwamba ana nia mbaya, na wewe hujasema hivyo. Lakini mpango wake unakuweka mahali pabaya hata kama yeye ni malaika. Fedha zako, jina lake. Atakayetambuliwa na mnada ni yeye, risiti yake, kadi yake. Akiugua, akidaiwa, akigombana zaidi na kaka yake, utasimama mbele ya watu kueleza kwamba gari ni lako bila karatasi hata moja. Na taslimu yote Ijumaa jioni maana yake hutajua kamwe nyundo ya dalali, ile inayofunga bei, iligonga kwenye ngapi.

Hofu ya kwamba watakupandishia kwa sababu ni mwanamke iondoe. Dalali anasikia dau. Anayeweza kukupandishia ni mtu aliyepandikizwa na muuzaji, na huyo hachagui jinsia. Anachagua mtu mwenye macho ya tamaa. Sheria nyingi za mauzo zilizofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893 zinakataza muuzaji kujinadia mwenyewe au kupitia mtu wake isipokuwa ametangaza kwamba ana haki hiyo, na zinasema mauzo hukamilika nyundo inapogonga, kabla ya hapo mnunuzi anaweza kuliondoa dau lake. Lakini kinachokulinda zaidi ni namba uliyoandika nyumbani.

Na hapa ndipo mia yako inapoingia. Mia si bei ya gari. Mia ni kila kitu. Toa 20, weka pembeni, hizo ni za matengenezo ya miezi ya mwanzo, usiziguse hata ukiambiwa gari ni jipya. Toa tena 8 kwa bima, kuhamisha kadi, na gari la kuvuta kama lenyewe haliruhusiwi kutoka kwa magurudumu yake. Imebaki 72. Soma masharti uone kamisheni ya mnunuzi, ile asilimia inayoongezwa juu ya bei ya nyundo. Tuseme ni 10. Basi nyundo isipite 65, maana 65 na kamisheni yake ni 71 na nusu. Wengi huingia na mia mfukoni wakanadi mpaka mia, na matengenezo wakayaachia Mungu. Hiyo 65 ipunguze pia kwa kila kitu fundi atakachokuta. Mkanda wa taimingi, matairi manne, shokapu: viteremshe kimoja kimoja mpaka upate namba yako ya mwisho. Iandike kwenye mkono ukipenda.

Kwa nini niwe mkali hivyo na namba? Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta waliandika kuhusu zabuni za vitalu vya mafuta kwenye Ghuba ya Mexico, wakaonyesha kwamba katika zabuni ambayo hakuna anayejua thamani halisi, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekadiria kupita wote, yaani aliyekosea zaidi kwenda juu. Jambo hilo likaja kuitwa laana ya mshindi. Kwenye banda lako Jumamosi watakuwapo wafanyabiashara waliokagua magari hayo kwa macho yaliyozoea. Wakinyamaza wote na dau lako likabaki peke yake juu, usishangilie haraka. Ila wao wana udhaifu mmoja unaokufaa: lazima wanunue kwa bei inayoacha faida ya kuuza tena. Wewe huuzi. Kwa gari zima unaweza kuwazidi kidogo na bado ukawa umenunua vizuri, na hapo ndipo ukweli wa shemeji ulipo. Gari la mia na hamsini kwa mia ni ndoto ya mtu wa minada. Gari la tisini kwa sabini ndilo linalopatikana.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho jiandikishe mwenyewe, kwa kitambulisho chako, ulipe amana kwenye akaunti ya mnada na upewe kibao chako cha namba. Uliza amana inarudi baada ya siku ngapi usiponunua, na ukinunua una siku ngapi za kumalizia malipo na kuliondoa gari kabla hawajaanza kukutoza gharama za kuliweka. Alhamisi nenda na fundi. Mume wako mchukue pia, tena mpe kazi ya kuvuta mikanda ya viti. Atakaposhika tope kwa vidole vyake atakuwa na la kumwambia mdogo wake zaidi ya neno kamari, na mdogo wake atakuwa na la kumjibu akiona lile daftari.

Shemeji usimtupe. Anajua namna mnada unavyokwenda, kasi ya dalali humchanganya mgeni, na kukaa na mtu anayejua zamu ya gari lipi imefika ni msaada. Mwambie hivi: "Shemeji, nimeshajiandikisha kwa jina langu, kaka yako ndivyo alivyoridhika. Naomba ukae karibu yangu. Hii hapa namba yangu ya mwisho, na ikifika unishushe mkono." Kama alitaka kukusaidia, atakubali. Akinuna kwa sababu fedha hazipiti kwake, hilo nalo utakuwa umelijua bure.

Jeupe likivuka namba yako, liache liende. Ofisi zinazobadilisha magari hazibadilishi moja, na fundi atakuwa ameshaona mengine mawili matatu mle bandani. Mwambie ayaandikie bei Alhamisi hiyohiyo. Ukilipata, kabla ya robota la kwanza kupanda badilisha oili, filta, maji ya breki na ule mkanda wa taimingi, na usilitoe getini bila bima.

Shemeji mpe asante yake. Umpe baada ya risiti kutoka na jina lako, si Ijumaa jioni.

Mjomba